Kitufe cha Tatu

Nimekuwa shoferi wa abiria kwa zaidi ya miaka ishirini, na nyumbani kwangu ni Mutanga Nord, jijini Bujumbura, ng'ambo ya kaskazini ya mto Ntahangwa. Alfajiri nawateremsha mjini wafanyakazi na wanafunzi, jioni nawapandisha. Kazi hii imenifunza mengi, lakini somo nililolilipia kwa muda mrefu kuliko yote ni la redio ya gari.

Toyota Hiace yangu ilitengenezwa Japani mwaka 1994. Kule magari hupita kushoto, kwetu hupita kulia. Ndiyo maana usukani wake uko upande wa ukingo wa barabara, na mlango wa abiria hufungukia katikati ya njia. Hilo nililizoea mapema: hashuki mtu kabla sijatazama nyuma. Kumbe na redio yake ilikuwa imezaliwa kwa ajili ya hewa nyingine. FM ya Japani ya wakati ule ilianzia megahezi 76 ikaishia 90. Sisi tunatumia 87.5 hadi 108. Kwa hiyo, katika vituo vyote vya Bujumbura, redio yangu ilisikia vile vya chini ya 90 tu. Radio Isanganiro, iliyo kwenye 89.7, iliingia kwa taabu, kama abiria aliyewahi mlango ukifungwa. Redio ya taifa, 92.9, sikuipata. Bonesha, 96.8, sikuipata. Nilijiambia Isanganiro inanitosha, na abiria wangu waliipenda.

Tarehe 13 Mei 2015 palitangazwa mapinduzi, ambayo hayakufaulu. Katika saa zilizofuata vituo kadhaa vya redio binafsi vilishambuliwa na kuharibiwa, Isanganiro na Bonesha vikiwamo. Niliporudi barabarani, pale 89.7 palikuwa na mvumo mtupu. Mama mmoja aliyekaa nyuma yangu aliniuliza, "Shoferi, huko mjini tunapita?" Sikuwa na la kumjibu. Shoferi asiye na habari za njia amebeba roho za watu gizani. Siku hiyo niliamua kutafuta redio nyingine.

Nilikwenda Buyenzi, mtaa wa mafundi na wa Kiswahili, ambako gari bovu hugeuka vipuri vya magari mengine. Muuzaji wa kwanza alinipa kidude cha kufunga kwenye waya wa antena, kinachoshusha masafa kwa megahezi 14. Redio ya taifa nikawa naikuta kwenye 78.9, huku vituo vingine vikiingiliana na sauti ikitetemeka. Wa pili alikuwa na redio iliyotoka kwenye basi la Coaster. Haikuwaka hata taa, kwa sababu basi lile lilikuwa la volti 24 na Hiace ni ya 12. Ingekuwa kinyume chake, redio ya volti 12 kwenye gari la 24, ingeungua.

Wa tatu alikuwa na redio nzuri ya kutoka Marekani. Niliijaribu hapo hapo kwenye betri. 89.7 iko, 92.9 iko. Nilipotafuta 96.8, ikaruka kutoka 96.7 hadi 96.9. Redio za Marekani husimama penye tarakimu ya witiri tu. Muuzaji akashangaa: "Ndugu yangu, kituo chenyewe hakipo tena hewani. Unakitafutia nini?" Nilimjibu kwamba kituo kinaweza kunyamaza, lakini nafasi yake sitaifuta. Nikaiacha redio yake.

Ya nne ilitoka kwenye gari la Ulaya. Nililipa haraka, nikaifunga nyumbani, ikadai namba ya siri ya tarakimu nne. Redio za namna hiyo hujifunga zikishatenganishwa na betri, na aliyeniuzia hakuwa na namba wala hakunirudishia fedha.

Ndipo nikaenda kwa fundi mmoja mzee, ambaye alipaswa kuwa wa kwanza. Hakuniuliza nina kiasi gani. Aliniuliza, "Mwanangu, unataka isikie nini?" Nikamtajia vituo vitatu. Baada ya wiki mbili alinipatia redio ya Ulaya isiyo na namba ya siri, ya volti 12, inayosoma hadi 108 na kusimama kwenye kila sehemu ya kumi.

Hakukata soketi za Toyota, ile ya pini 10 na ile ya pini 6. Alinionyesha waya wa kahawia unaokwenda kwenye bodi, wa kijivu unaopata umeme ufunguo ukizungushwa, na wa buluu wenye mstari wa njano unaotoka moja kwa moja kwenye betri. Huu wa mwisho, alisema, ndio kumbukumbu ya redio. Aligundua pia kwamba mtu fulani zamani aliunganisha waya hasi za spika na bodi ya gari. Kwa redio ya sasa kosa hilo huua kikuza sauti, basi akapitisha waya mpya hadi kwenye kila spika. Tundu la Toyota lina upana wa sentimita 20 na redio ilikuwa na 18. Akachonga vipande viwili vya plastiki, akaziba pembeni.

Kitufe cha kwanza niliweka 89.7, cha pili 92.9, cha tatu 96.8. Isanganiro ilirudi hewani Februari 2016. Kitufe cha tatu kiliendelea kutoa mvumo, na kila nilipobadilisha betri nilikirudisha mahali pake. Mwaka 2021 Bonesha iliruhusiwa kurudi. Nilibonyeza nikiwa Mutanga Nord, gari halijapata hata abiria mmoja, nikasikia mtu akizungumza.

Shoferi mwenzangu unayetafuta redio ya mtumba kwa gari la zamani, usianze na tundu. Tundu hupanuliwa au huzibwa, na waya huungwa. Andika kwanza vituo vya mji wako, nenda na betri na waya wa antena, vitafute kimoja kimoja mbele ya muuzaji. Usilipe mpaka uvisikie, na kwa kituo kilichonyamazishwa, hakikisha namba yake ipo.