Kigezo cha Msasa

Neno msasa lilikuwa jina la mti kabla ya kuwa jina la karatasi. Majani ya mti huo hukwaruza kama ulimi wa paka, na maseremala wa kale waliyatumia kusugulia mbao hata zikalainika. Karatasi ya dukani ilipokuja ilirithi jina, na washairi nao wakalichukua: shairi lisilopigwa msasa hukwaruza sikio.

Hata hivyo, msasa hauna macho. Hula panapostahili na pasipostahili. Hayo hudhihirika mwanafunzi wa Korogwe atakapo kuunda roketi ya chupa ya plastiki, ile irushwayo kwa maji na upepo wa pampu ya baiskeli. Chupa huokotwa; mapezi huchongwa kwa mlingoti mkavu wa mkonge, mmea aliouleta Richard Hindorf pwani ya Tanga mwaka 1893, ikapona miche 62 tu kati ya 1,000. Mlingoti huo ni mwepesi, lakini hunyofoka upesi. Pezi moja likiwa nene kuliko wenzake, roketi hupinda njiani, na uwanja wa shule una watoto.

Dawa yake ni kigezo, ambacho fundi wa Handeni aweza kukiunda kwa vipande vilivyosalia chini ya meza yake. Juu ya ubao ulionyooka hupigiliwa papi mbili za mninga, moja ikiizidi nyenzake kimo. Pezi hulazwa katikati. Kibao kilichobandikwa msasa hupitishwa juu ya papi zote mbili, huku na huko, kikilala kwa mshazari uleule daima. Kadiri pezi lipunguavyo, kibao huzikalia papi. Kikishatua juu yake, huacha kula. Lakini msasa ubandikwe katikati ya kibao tu, usifike panapogusa papi. Ukifika, kigezo kitaliwa, na kila pezi litakuwa jembamba kuliko lililotangulia.

Wapo wasemao kwamba kigezo humuua fundi. Ubishi huo haukosi udugu na ule wa vina na mizani, uliopamba moto baada ya E. Kezilahabi kutoa *Kichomi* mwaka 1974. Kigezo hakichagui mlingoti, hakijui nyuzi zake zinaelekea wapi, wala hakiamui umbo la pezi. Hayo ni ya mkono. Kiondoacho ni bahati nasibu.

Ila kigezo kilichopogoka hurudia upogo wake kwa uaminifu, na mapezi matatu yenye kasoro moja hudanganya jicho kuliko moja lililoharibika. Vivyo hivyo mshororo waweza kutimiza mizani 16 na usiseme neno.

Ukiona vyaelea, vimeundwa. Kwa hiyo, kabla ya gundi, mapezi hupelekwa mlangoni kwenye mwanga na kupangwa ubavu kwa ubavu. Yakilingana, hupimwa tena; safari hii kinachopimwa ni kigezo.