Karatasi ya labo ilitaka kunivunjia nyumba

Mumezoea kunisikia redioni nikisema habari za wengine. Leo habari ni yangu, na mke wangu amekubali niiandike.

Nilikuwa nimekaa miezi miwili Fizi kwa ajili ya kazi. Niliporudi Uvira, mama watoto alinionyesha karatasi ya labo moja ya mtaani. Alikuwa ameota vidonda vidogo sehemu za siri, akaenda kupimwa damu. Imeandikwa: herpesi, IgM pozitifu. Nilikwenda kumuuliza mpimaji. Akajibu: “IgM ni ugonjwa mpya.”

Mpya! Na mimi sikuwepo nyumbani. Usiku ule nilisema maneno ambayo siwezi kuyarudia hapa. Asubuhi alichukua watoto, akaenda kwa mama yake.

Nilipeleka karatasi ile kwa daktari kama mtu anayepeleka ushahidi mahakamani. Aliisoma, akasema: “Papa, hii haiwezi kukuambia ugonjwa ulianza lini.” Alinieleza kwamba IgM inaweza kuonekana tena kwa mtu mwenye virusi tangu miaka mingi, vidonda vinaporudi. Mara nyingine inadanganya kabisa. Ndiyo maana wataalamu hawashauri kuitumia kwa herpesi.

Kipimo cha damu chenye maana ni IgG, ile inayotenganisha aina ya 1 na ya 2. Lakini nayo haitaki haraka. Mwili unachukua majuma kutengeneza askari wake. Ukipimwa mapema, unaweza kuambiwa huna, kumbe unacho. Ni vizuri kungoja majuma 12. Na jibu la pozitifu hafifu lihakikishwe kwa kipimo kingine. Mwenye kidonda kibichi, afadhali apimwe majimaji ya kidonda chenyewe.

Halafu akaniuliza: “Na wewe umepimwa?”

Nilinyamaza. Tulihesabu majuma tangu nilipoagana na mke wangu: tisa. Nilingoja yatimie 12, nikapimwa IgG. Jibu: pozitifu, aina ya 2, wala si hafifu. Mimi ambaye sijawahi kuona hata kipele! Daktari hakushangaa. Shirika la Afya Duniani linasema watu zaidi ya milioni 500 wa miaka 15 hadi 49 wana aina hiyo, na wengi hawajui.

Nani alimpa nani, na mwaka gani? Karatasi haina jina wala tarehe hiyo. Pengine ni mimi.

Nilienda kwa mama mkwe, nikaomba msamaha mbele ya shemeji zangu wote. Mke wangu alirudi, lakini si siku ile.

Wewe unayeshika karatasi ya namna hiyo leo, kwanza uliza: ni kipimo gani, na majuma mangapi yamepita? Kabla ya kumuuliza mwenzako alikuwa wapi.