Glasi Tupu, Saa Mbili Usiku

Saa mbili kasorobo usiku maji yalikuwa mezani. Nilikuwa nimeyachemsha alasiri, nikayaacha yapoe hadi yakabaki na uvuguvugu, kisha nikayamimina kwenye glasi yangu na kwenye kikombe cha mwanangu, kile cha plastiki cha bluu chenye mpini uliolika. Simu niliiegemeza kwenye chupa ya chai. Grupu lilikuwa kimya, watu zaidi ya 180 wakisubiri. Ilipotimia saa mbili kamili niliandika maneno manne: "Dada yetu, miaka arobaini." Tukanywa. Haikupita dakika, picha zikaanza kuingia: glasi tupu kutoka Musoma, kikombe cha bati kitupu kutoka Kigoma, kibakuli kitupu kutoka Pemba, maana kuna mtoto huko hanywi maji mpaka apewe kibakuli chake. Keki haikuonekana hata moja.

Mimi ni mama wa mtoto mwenye selimundu, na ni mmoja wa maadmini watatu wa grupu la WhatsApp la wagonjwa na wazazi. Nina miaka sita katika kazi hii. Tunaelekezana kliniki, tunatafutiana damu, tunamwondoa anayeingia kuuza dawa za miujiza, tunakesha na mzazi aliyeko wodini. Kati ya kazi zote, niliyoidharau mwanzoni ni hii ya kuandaa siku za kuzaliwa. Leo nasema bila kusita kwamba ndiyo inayotuweka pamoja, na ndiyo iliyonifundisha kumlea mwanangu bila kumhesabia siku.

Mwanangu aligundulika akiwa na miezi tisa. Viganja na nyayo zilivimba, akawa analia ukimgusa. Kwenye zahanati ya kwanza nilipewa dawa ya malaria, nikarudi, nikapewa tena. Tulipofika hospitali akapimwa damu, majibu yakaja: SS. Mimi na baba yake kila mmoja ana AS, yaani tumebeba kinasaba kimoja cha ugonjwa bila sisi kuumwa, na hatukuwa tunajua. Kwa wazazi kama sisi, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kumpata mtoto mgonjwa. Nilirudi nyumbani na ile karatasi. Jirani yetu, bibi mwenye huruma zake, akanishika mkono: "Pole mwanangu. Hawa hawavuki kumi na nane."

Maneno yale yalinikaa. Nikimnunulia viatu nahesabu. Nikimshonea sare ya chekechea nahesabu. Na bibi hakuyatunga, aliyaona. Wataalamu hukadiria kuwa Tanzania huzaliwa watoto wapatao 11,000 wenye selimundu kila mwaka, na pasipo matibabu zaidi ya nusu ya watoto wa namna hii hufariki kabla ya kufikisha miaka mitano. Lakini matibabu yapo. Ipo penisilini ya kila siku kwa wadogo, ipo foliki asidi, zipo chanjo na kinga ya malaria, ipo haidroksiyurea inayopunguza maumivu na haja ya kuongezewa damu. Shida ni kwamba mama aliyepewa majibu leo haoni matunda ya hayo yote. Wodini anakutana na watoto wanaolia. Wale waliokua wako kazini: wanafundisha, wanashona, wanakaa kwenye kaunta za benki, na wengi wanaficha hali yao kwa kuhofia ajira na ndoa. Basi mama anaamini hawapo.

Mimi niliamini hawapo. Usiku nilioingizwa kwenye grupu niliuliza swali moja tu: "Kuna mtu humu aliyevuka miaka kumi na nane?" Dakika chache baadaye simu ikaita. Sauti ya mwanamke, tulivu kabisa. "Mdogo wangu, mimi nina thelathini na tatu, na hivi sasa nakaanga samaki. Sikiliza." Akaisogeza simu kwenye kikaango. Nilisikia mafuta yakichachatika, nikakaa chini sakafuni nikalia kwa mara ya kwanza tangu siku ya majibu. Huyo ndiye dada ninayemwandikia ushuhuda huu. Yeye yuko Dar es Salaam, mimi Mwanza, na mpaka leo hatujawahi kuonana uso kwa uso.

Nilipopewa uadmini nilianza na pongezi za siku za kuzaliwa kama zilivyo kwenye magrupu yote: stika za keki, maputo, dua ndefu zilizotumwa kutoka grupu jingine. Siku moja tulikuwa tunampongeza kijana, ujumbe zaidi ya 100 kwa muda mfupi, na katikati yake mama mmoja aliandika kwamba mwanawe ana joto la 39. Kwa mtoto mwenye selimundu homa ya kufika 38.5 ni dharura, anakimbizwa hospitali usiku huohuo. Ujumbe wa yule mama ulifukiwa na maputo kwa karibu saa nzima. Mtoto alipona, namshukuru Mungu, lakini kosa lilikuwa letu maadmini na nililikiri mbele ya wote. Nilitaka kufuta kabisa mambo ya kuzaliwa. Dada akanipigia. "Usifute," alisema. "Tafuta namna."

Jambo la ajabu ni kwamba yeye mwenyewe hakuwahi kupongezwa. Tarehe za wengine alizijua zote, ya kwake alisema haijui, eti wazee hawakuiandika. Kisha akalazwa kwa krisisi, yaani shambulio la maumivu makali ya selimundu, damu ikashuka, nami nikiwa Mwanza nikawa natafuta wachangiaji wa Dar kwa simu. Kaka yake alinitumia picha ya fomu ya kuombea damu. Jina, kundi la damu, tarehe ya kuzaliwa. Niliiona, nikanyamaza. Tarehe ya mtu ni ya mtu. Mimi niliiona kwa sababu ya damu tu. Alipotoka hospitali na kupata nguvu ndipo nilipomwuliza kama naruhusiwa kuiandika kwenye daftari langu.

Alikaa kimya, kisha akanisimulia. Alikuwa kidato cha pili, shule ya bweni huko nyanda za juu kusini, mwezi wa saba, baridi ya kutoa moshi mdomoni. Wenzake walifanya kama wafanyavyo vijana kwetu siku ya kuzaliwa ya mtu: wakamvizia alfajiri penye bomba wakammwagia maji. "Walinipenda sana," aliniambia. "Ndiyo maana ndoo zilikuwa tatu." Baridi hubana mishipa ya damu, na seli zilizopinda kama mundu zikikuta njia imebanwa hukwama, zikaziba. Kufika jioni mapaja na mgongo vilikuwa vinavunjika kwa maumivu. Alilazwa siku kumi na moja. Shuleni hakuna aliyejua hali yake, kwa kuwa alifundishwa kuificha. Wale wasichana walilia wakidhani wamemuua, naye hakuweza kuwaambia kwa nini. Tangu hapo akaizika tarehe yake.

Nilimwambia pole, nikakosa la kuongeza. Yeye ndiye aliyeendelea: "Kama ni maji, basi wayanywe."

Hapo ndipo desturi yetu ilipoanzia. Maji ndiyo dawa ya kwanza anayoagizwa mgonjwa wa selimundu, maana mwili ukikauka seli hupinda zaidi. Na ndiyo dawa ngumu kuliko zote kumpa mtoto, kwa sababu haina ladha na haina mwisho. Sasa, mwenye siku ya kuzaliwa akitajwa, saa mbili usiku kila mtu anakunywa glasi ya maji yasiyo baridi, isipokuwa yule ambaye daktari wake amempimia kiasi. Tulichagua saa mbili kwa kuwa dawa za usiku zimeshamezwa na watoto hawajalala. Kila nyumba inatuma picha moja ya chombo kitupu, basi. Saa mbili na nusu tumemaliza, na katika nusu saa hiyo admini mmoja hashangilii. Kazi yake ni kuangalia kama kuna anayeomba msaada. Mwanangu, ambaye zamani nilikuwa namkimbiza na kikombe uani, siku hizi ananiuliza jioni: "Mama, leo maji ya nani?"

Ruhusa huja kwanza. Nina kaunta buku lenye majina, tarehe, na alama mbili mbele ya kila jina: apongezwe au asipongezwe, umri utajwe au usitajwe. Kuna binti anayetafuta kazi, hataki umri wala hali yake vijulikane nje, namheshimu. Kuna mama aliyefiwa na mwanawe wiki moja kabla ya sherehe ya mtoto mwingine wa umri uleule. Nilimpigia nikamwambia tutaahirisha. Alikataa. Aliniomba jambo moja: tarehe ya mwanawe isifutwe kwenye buku. Haijafutwa. Ikifika hatuandiki pongezi. Saa mbili tunakunywa, na yeye ndiye anayetuma picha ya kwanza.

Baada ya maji, mwenye siku hutuma sauti, isizidi dakika moja, kwa sababu bando ni ghali na wengine wanasikiliza wakiwa wodini. Anataja miaka yake kwa kinywa chake, kisha jambo moja lililomfikisha hapo. Nimezisikia nyingi. Kijana wa Bukoba mwenye miaka 22 alisema aliacha kucheza mpira kwenye mvua, akageuka kocha wa watoto, na bado yuko uwanjani. Mama wa Bukavu, upande wa Kongo, alisema binti yake wa miaka 15 halali bila soksi, hata watu wakimcheka. Mwenzetu aliyeko Muscat, maana ugonjwa huu uko Oman pia, alisema adui yake ni kiyoyozi cha ofisini, kwa hiyo shali yake inakaa kwenye kiti mwaka mzima, kiangazi cha kule kikiwa nje kinaunguza. Mzazi mgeni anayesikia hayo hupata vitu viwili kwa pamoja: umri ambao hakuamini kuwa unafikika, na njia ya kuufikia.

Zawadi yetu ni damu. Anayependa, hushawishi mtu mmoja mzima wa afya akachangie katika vituo vya Mpango wa Taifa wa Damu Salama: awe na miaka 18 hadi 65, uzito usiopungua kilo 50, mwanamume anaweza kurudia kila baada ya miezi mitatu, mwanamke minne. Chupa ile ya damu haimwendei mwenye siku. Inaingia benki, itamfaa yeyote. Tunamtumia tu idadi.

Dada alipofikisha arobaini, idadi ilikuwa chupa kumi na nne. Sauti yake ilikuwa ya sekunde hamsini na nane, nimeihifadhi. "Nina miaka arobaini. Seli nyekundu za watu wengine huishi siku mia na ishirini. Zangu huishi siku kumi, zikizidi sana ishirini. Kwa hiyo mwili huu umeshanijenga upya mara nyingi mno, nami naushukuru. Aliyenifikisha hapa ni mama yangu. Tangu darasa la kwanza alinivalisha chupa ya maji shingoni kwa kamba, kisha akaenda kwa mwalimu kuniombea niwe natoka kwenda chooni bila kunyoosha mkono. Wazazi, mtoto akinyimwa choo ataacha kunywa maji. Nendeni mkaongee na walimu." Kesho yake wazazi tisa waliandika kwamba wamekwenda shuleni. Mimi nilikuwa mmoja wao. Miaka yote nilikuwa namfungia mwanangu chupa iliyojaa, inarudi imejaa, namgombeza, na sikuwahi kuuliza habari ya choo.

Usiku ule, picha zilipokuwa zimepungua, iliingia moja ya mwisho. Alikuwa mama aliyejiunga siku tatu kabla na hakuwa ameandika neno. Alituma picha ya chupa tupu ya kunyonyeshea. Chini yake hakuandika kitu.

Dada aliniandikia kwa faragha mara moja: "Naomba namba yake." Nilimwomba mwenyewe ruhusa kwanza, akakubali, nikampa. Asubuhi nikiwa nampimia mwanangu dawa, yule mama aliniandikia ujumbe wake wa kwanza.

"Amenipigia. Kumbe alikuwa anaosha vyombo."