Ukiona fomula haikosei, ujue inachungulia!

Vijana wa mjini tuna ugonjwa mmoja, msomaji wangu, wala tusifichane. Tukisikia kuna kitu kinaleta mshiko bila jasho, masikio yanasimama kama ya sungura. Ilikuwa upatu, ikaja michezo ya kupanda na kuvuna, siku hizi dili ni chati za hisa. Mtu ana laptop yake ya mtumba, mistari ya kijani na nyekundu imejaa kwenye kioo, ukimpigia simu anakwambia, "Niache kwanza, niko sokoni." Soko lipi? Yuko chumbani kwake Mwananyamala!

Siwacheki, maana ugonjwa huo hata mimi ninao. Ila nimejifunza kitu ambacho wengi wanakiruka wakidhani ni cha wasomi: kuiandikia programu ya chati maagizo yangu mwenyewe. Na faida yake niliiona siku pesa za mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, ziliponusurika. Shilingi 2,400,000, alizochuma miaka mitatu akiuza viatu vya mtumba pale Karume.

Dogo alikuja kwangu kapandisha mzuka. Kuna mshikaji kamuuzia fomula kwa shilingi 80,000. "Dada, hii kitu haikosei. Nimeijaribu kwenye bei za nyuma, mara kumi inapata tisa. Jumatatu natia zote."

Zote! Nikamwambia, mdogo wangu, tuliza boli. Nipe niisome kabla hujaikabidhi jasho lako.

Programu yenyewe ni AmiBroker, ya Mpolandi Tomasz Janeczko, iliyoanzia miaka ya 1990 kwenye kompyuta za Amiga. Ina lugha yake ya maagizo inayoitwa AFL. Usiogope jina. Ukielewa vitu viwili, fanksheni na lupu, umeshavuka mto.

Fanksheni ni kama mtoto unayemtuma dukani. Humfundishi njia, unamwambia tu alete nini na kiasi gani. Ukiiita MA, ukaipa bei za kufunga soko na namba 20, inakuletea wastani wa siku 20. Tena si wa leo tu, ni wa kila siku iliyomo kwenye chati, kwa mkupuo mmoja. Siku 19 za mwanzo inaziacha tupu, maana ishirini hazijatimia.

Lupu ni daladala. Inaanza kituo cha kwanza na kusimama kila kituo, na kila kituo ni siku moja ya soko. Inahesabu kuanzia 0, kwa hiyo chati ya siku 2,500, ambayo ni kama miaka kumi ya soko, inaishia 2,499. Utaihitaji pale uamuzi wa leo unapotegemea ulichofanya jana. Mfano, unataka kuuza bei ikishuka asilimia 10 kutoka kilele ilichofika tangu ununue. Hapo unaweza kutembea siku hadi siku ukikumbuka: hisa ninazo au sina, na kilele ni kipi?

Haya, turudi kwa dogo. Fomula yake ilikuwa inajikokota kama gari bovu mlima wa Kimara. Kumbe aliyeiandika kaita MA ndani ya lupu. Kila kituo mtoto anatumwa dukani kuleta wastani wa siku zote 2,500, wakati unahitaji wa siku moja tu. Piga hesabu: 2,500 mara 2,500 ni 6,250,000! Dawa yake ni rahisi. Ita fanksheni mara moja kabla ya lupu, hifadhi majibu, halafu ndani ya lupu chukua jibu la siku husika. Ikakimbia.

Lakini hiyo ilikuwa cha mtoto. Kilichonishtua ni kwamba lupu yake iliishia kituo kimoja kabla ya mwisho. Nikajiuliza, hili daladala linaogopa nini kituo cha mwisho? Nikaifungua fanksheni moja iliyobatizwa jina refu la Kizungu, na humo ndani nikakuta Ref na namba 1.

Kwenye AFL, Ref yenye -1 ni bei ya jana. Ref yenye 1 ni bei ya kesho! Fomula ilikuwa inanunua leo kama kesho bei itafunga juu. Nani asiyeshinda akiwa na gazeti la kesho mkononi? Na siku ya mwisho ya chati haina kesho, ndiyo maana lupu ilikatishwa.

"Unanibania, dada," dogo akanuna. Sikubishana naye. Nikamwambia, iulize leo ununue au usinunue. Akabonyeza. Kimya. Akabonyeza tena. Fomula iliyojua miaka kumi ya nyuma haikuwa na neno hata moja la leo, na leo ndiyo siku pekee ambayo mtu ananunua.

Nikaweka -1 badala ya 1, nikaongeza ada ya dalali wakati wa kununua na wakati wa kuuza. Ile tisa kwa kumi ikayeyuka, na mtaji ukamaliza ukiwa mdogo kuliko ulivyoanza. Dogo alikaa kimya muda mrefu, kisha akaniuliza kwa sauti ndogo kama chai ipo.

Soko la Hisa la Dar es Salaam lilianza biashara Aprili 1998, TOL ikiwa kampuni ya kwanza kuorodheshwa, na wapo waliotulia na hisa zao wakala gawio bila fomula yoyote. Sikatazi chati, nazipenda. Ila kabla hujatia pesa, fungua kila fanksheni uone ina nini tumboni, angalia lupu inaanzia wapi na kuishia wapi, halafu iulize swali la leo. Ikikujibu ya jana tu, funga pochi yako.

Yule muuza fomula? Simu yake haipatikani. Dogo yuko Karume, viatu vinatoka, na 2,400,000 zake ziko salama.