Sufi Ukutani

Mwaka 2003 kijana wa Temeke mwenye wimbo kichwani alijua majina ya studio kabla hajajua bei zake. Bongo Records ya P-Funk Majani na MJ Records ya Master J zilitajwa redioni kila siku, na Juma Nature alikuwa ameshaonyesha kwamba mtu anaweza kutoka mitaa yetu hii hii na nchi nzima ikamwimba. Kikwazo kilikuwa hela. Lakini miaka hiyo kompyuta za mtumba zilianza kushuka bei, familia moja ikijibana iliweza kupata moja, na vyumba vya uani vikaanza kugeuka studio.

Yangu ilinunuliwa kwa hela ya mchezo wa mama. Zamu yake ilipofika aliniita ndani, akahesabu noti mbele yangu, akasema, "Mwanangu, hii ilikuwa ya kabati. Kaifanyie kazi." Hakuongeza neno, na sikuhitaji aongeze.

Kwenye kompyuta ile kulikuwa na programu mbili. FruityLoops, iliyotengenezwa Ubelgiji, ilitupa ngoma, kinanda na besi bila kumlipa mpigaji. Mwaka ule ule ilibadilishwa jina ikawa FL Studio, ila mtaani iliendelea kuitwa Fruity. Vokali tuliingiza kwa Cool Edit Pro, ambayo nayo mwaka 2003 ilinunuliwa na Adobe na kuitwa Audition. Zote zilitufikia kwenye CD za kunakili, zimeandikwa kwa kalamu ya wino mzito, zikipita kutoka kwa mtu hadi mtu. Maiki ilikuwa ile ya plastiki yenye shingo ndefu, inayouzwa pamoja na kompyuta.

Sauti iliyotoka ilikuwa na mlio wa chini usiokatika. Kadi ya sauti iko ndani ya sanduku moja na feni, diski na transfoma, na ishara ya maiki ni ndogo mno, kwa hiyo kabla haijakuzwa imeshaokota kila kelele ya jirani zake. Nilijifunza kuipunguza kwa programu, lakini ukiondoa mlio kwa nguvu unaondoa na pumzi ya mwimbaji, anabaki kama anayeimba ndani ya ndoo. Tulirekodi hivyo hivyo. Vijana walikuja na madaftari yao, wakaondoka na CD mfukoni, na wapo waliolia waliposikia sauti zao kwa mara ya kwanza.

Hatua ya pili ilikuwa Shure SM58, niliyoinunua kwa mwanamuziki wa bendi ya dansi aliyekuwa anastaafu. Ilikuwa imebonyea kwenye wavu na rangi imechubuka. Maiki hiyo imekuwa ikitengenezwa tangu 1966 na sijui kifaa kingine cha muziki kinachovumilia maisha ya Afrika Mashariki kama hiki: jasho, vumbi, kuangushwa jukwaani. Haihitaji umeme wake wenyewe. Inasikia zaidi kinachotoka mbele, na kilicho nyuma inakipunguza sana. Kwa chumba kilicho karibu na barabara ya daladala, hilo lina thamani kuliko usikivu wa maiki za bei mbaya zinazohitaji volti 48. Hizo zitakuletea mwimbaji, na pamoja naye kuku, konda na mtoto wa jirani. Mpaka leo kijana akiniuliza aanze na maiki gani, namwambia atafute SM58 ya kweli, iliyotumika, kutoka kwa mtu anayemjua, kwa sababu feki zimejaa madukani.

Kisha ukaja mwaka 2006. Ukame ulikuwa umekausha mabwawa, Mtera likiwemo, na nchi iliyotegemea umeme wa maji ikaingia kwenye mgao. Kompyuta ya mezani umeme ukikatika inazima papo hapo, na kazi isiyoseviwa inakwenda nayo. Nilitafuta UPS ya mtumba, nikabadilisha betri, nikapata dakika chache za kusevu na kuzima kwa heshima. Tuliishi kwa ratiba ya mgao. Umeme ukirudi usiku wa manane, mwimbaji anaamshwa, ananawa uso, anaimba. Na mtaa wetu ukiwa na umeme, mtaa wa pili haukuwa nao, na jenereta zao ziliingia kwenye maiki zikiunguruma kama wapiga besi. Katika nyimbo za mwaka ule, mwenye sikio zuri anaweza kuzisikia chini ya kibwagizo.

Mgao ule ndio ulionifanya nianze kukisikiliza chumba chenyewe. Giza likitanda na kila kitu kimezimwa, nilikuwa nikipiga kofi moja katikati ya chumba na kusikia jinsi kinavyojibu. Kilikuwa cha tofali za saruji, sakafu ya sementi, mraba wa kama mita tatu kwa tatu, paa la bati. Kofi lilirudi na mlio wa chuma, likirukaruka kati ya kuta. Mlio ule ule ulikuwa ndani ya kila vokali niliyowahi kurekodi. Tena chumba cha mraba kina ugonjwa wake. Sauti husafiri kama mita 340 kwa sekunde, na kwenye mita tatu wimbi la mitetemo kama 57 kwa sekunde linatosha sawasawa kwenda na kurudi. Hapo ndipo dramu ya chini na besi zinapoishi. Kwa kuwa urefu na upana ni sawa, wimbi hilo hujijaza pande zote mbili, kwa hiyo ukikaa kwenye kona besi inakupiga kifuani, ukisogea katikati inatoweka. Unamiksi kitu kisichokuwepo.

Dawa ya kwanza haikugharimu hata shilingi. Niliacha noti moja ya chini ikilia, nikatembea nayo chumba kizima mpaka nikapata mahali ambapo haikuvimba wala kupotea, nikahamishia meza pale.

Ya pili ilitoka kwa mjomba. Alikuwa fundi wa magodoro ya sufi Tandika, kazi aliyoifanya tangu ujana wake, na wakati ule ilikuwa inamfia mikononi. Watu walishahamia kwenye sponji. Studio nyingi za mtaani zilibandika trei za mayai ukutani, lakini karatasi nyembamba kiasi kile hainyonyi kitu cha maana, inatawanya kidogo sauti za juu basi. Nilichohitaji ni unene wenye hewa ndani. Uzi wa sufi una uwazi katikati, kama mrija mdogo sana. Mtu aliyelala juu yake utotoni anajua jinsi unavyomeza sauti ya chumba.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba, mjomba. Leo umekumbuka huku?"

Nilimweleza ninachotaka: magodoro ya inchi nne, membamba kwa upana, ndani ya fremu za mbao, ya kusimama ukutani. Alisikiliza huku mikono ikiendelea kuchambua. Kisha akauliza swali ambalo sikulitegemea kwa mtu asiyewahi kuona studio: "Utayagandisha ukutani, au utaacha nafasi nyuma? Godoro likigusa ukuta linaoza." Nafasi aliyoifikiria kwa ajili ya unyevu ndiyo inayotakiwa kwa ajili ya sauti. Ukutani penyewe hewa haitembei, imebanwa. Inatembea zaidi ukisogea mbele kidogo, na sufi hufanya kazi pale hewa inapopita ndani yake. Tukaacha upana wa kiganja. Vitambaa vya kufunikia vilikuwa khanga kuukuu za mama, laini kwa kufuliwa, zinazopitisha hewa. Kwenye kona tulisimamisha magunia ya sufi kutoka sakafuni hadi juu, maana besi hukusanyika huko. Nyaya zote tukazihamisha mbali nayo, kwa sababu sufi hushika moto haraka, na hilo mjomba alilirudia mpaka nikaapa.

Tulipomaliza nilipiga kofi. Lilikufa hapo hapo. Mjomba akapiga lake, akanitazama, akapiga tena. Kisha akaanza kuimba wimbo wa ngoma ya kwao, taratibu, na kwa mara ya kwanza nilisikia ndani ya chumba kile sauti ya mtu bila kuta. Maiki ilikuwa ile ile, kompyuta ile ile. Hela yote iliyotumika ilikuwa ndogo kuliko bei ya maiki mpya ya chini kabisa dukani Kariakoo.

Gharama nyingine ilikuwa joto. Chumba kilichozungushiwa magodoro, chini ya bati, Dar es Salaam, mwezi Januari, feni imezimwa kwa sababu ya kelele: mwimbaji anaingiza ubeti mmoja, tunafungua mlango, anakunywa maji, tunafunga. Nimekuja kuamini kwamba ubeti mmoja mmoja umewafaa wengi, kwa vile kila mmoja unapata pumzi mpya. Adhana ikianza tunanyamaza mpaka iishe. Masika yakianza, bati linageuka ngoma, kwa hiyo miezi ile ni ya kutengeneza biti na kumiksi kwa hedifoni.

Yaliyofuata yalikuja polepole na naweza kuyasema kwa ufupi. Laptopu ya mtumba ilimaliza hofu ya umeme, kwa kuwa ina betri yake. Kadi ya sauti ya nje, ya kuchomeka kwenye USB, iliondoa mlio wa sanduku na ikapunguza mno kuchelewa kwa sauti. Zamani mwimbaji alijisikia kwenye hedifoni nyuma ya midomo yake, akalazimika kuvua sikio moja. Kwa sampuli 44,100 kwa sekunde, bafa ya sampuli 512 ni kama sehemu 12 za elfu za sekunde, na ukiishusha hadi 128 ni kama sehemu tatu, mtu hatambui. Baadaye nilinunua leseni ya REAPER, programu ya kurekodia, ile ya dola 60, na siku ile nilijisikia mtu wa fani kwa namna ambayo CD za kunakili hazikuwahi kunipa.

Siku hizi vijana wa singeli wa Manzese na Mburahati wanatengeneza muziki unaokimbia kuliko chochote tulichokijua, kwa laptopu tu, na umefika hadi Ulaya. Wengine huja kwangu kuingiza sauti za watu, kwa ajili ya chumba. Wanagusa khanga za ukutani, wanauliza zimeficha nini. Mjomba alishawatengenezea wawili wao seti zao kabla macho hayajamchosha, na mwanawe ameendelea, anashona magodoro ya kulalia na ya ukutani.

Kilichobaki ni mvua. Kuizuia kunahitaji uzito, na uzito ni hela: bodi za jipsamu tabaka mbili chini ya kenchi, zimepishana maungio, na sufi juu yake. Fundi ameshapanda darini na kupima. Anasema mbao zitabeba ila mbili zibadilishwe kwanza, na tumekubaliana aanze kabla ya masika.