Toa Kitambulisho, Afande

Aprili 4, 2015, siku mbili baada ya shambulio la Al-Shabaab katika Chuo Kikuu cha Garissa, msichana wa miaka 19 alikutwa akiwa hai ndani ya kabati la bwenini, amejifunika nguo. Kiu ilipomzidi alikunywa losheni ya kujipaka. Askari walipomwambia atoke, hatari imekwisha, aligoma. Atajuaje kama wao ni polisi kweli? Ikabidi aletwe mwalimu wake aseme naye, ndipo akatoka.

Ilikuwa wikendi ya Pasaka, na wengi waliisimulia habari ile kama muujiza. Wengine walimwonea huruma: maskini, hofu imemvuruga akili. Mimi nilimwona ndiye mwenye akili timamu kutushinda sote. Alfajiri ya Alhamisi ile, wauaji nao walikuwa wamesimama milangoni wakiita: anayetaka kuishi atoke. Waliotii walipigwa risasi. Sasa umejikunyata gizani, nje unasikia mabuti, na sauti nyingine ya mwanamume inakuambia utoke. Uiamini kwa lipi?

Swali lake liliniingia kwa sababu ya kwetu. Ukitoka Garissa kwenda Nairobi, basi husimama kwenye kizuizi cha daraja la Tana. "Kipande!" Mzee mwenye ndevu zilizotiwa hina anapapasa mfuko wa shati, mama anafungua fundo la mtandio, na kijana aliyesahau chake nyumbani anaanza kusema "afande, afande" kabla hata hajaulizwa. Sisi Wasomali wa Kenya tumekulia katika kujithibitisha mbele ya watu wenye sare. Mwaka 1989 hata kitambulisho hakikutosha. Tulipigwa msasa upya na kupewa kadi nyingine ya rangi ya waridi juu ya kile tulichokuwa nacho. Kumbe mtu anaweza kuligeuza swali! Binti wa chuo, hana silaha, hana maji, anamtaka mwenye bunduki ndiye ajitambulishe.

Sare ina historia ndefu huku. Novemba 1980, baada ya maofisa wa serikali kuuawa mjini, mtaa wa Bulla Kartasi ulichomwa na askari, watu wakakusanywa kwenye uwanja wa shule ya msingi. Februari 1984 ikawa zamu ya mauaji ya Wagalla, karibu na Wajir. Novemba 2012, wanajeshi watatu walipigwa risasi mjini Garissa wakibadilisha gurudumu la gari. Soko la Suq Mugdi likateketea. Lakini sitaki kuishia hapo, kwa maana Aprili 2 ni hao wenye sare walioingia bweni lile, na wako ambao hawakutoka. Kikosi cha Recce, makomando wa polisi wa GSU, kilichelewa kufika, kilitua mchana. Kucheleweshwa kule ni lawama ya waliokituma, haiwahusu vijana waliopanda ngazi huku wakipigwa risasi. Watu 148 waliuawa siku hiyo, 142 kati yao wanafunzi.

Mtu akishatoka kabatini, au akishashushwa kwenye ndege na drip mkononi, sisi tulio nje humpokea kwa sentensi moja: shukuru Mungu uko hai. Anashukuru, bila shaka. Halafu tunamtaka awe ameshapona. Januari 2012 wapiganaji wa Al-Shabaab walivamia kambi ya polisi ya Gerille, Wajir, wakawateka ofisa wa tarafa na karani wa usajili wa watu. Waliachiwa Julai 2013. Miezi kumi na minane mikononi mwa watu wanaoamua kila asubuhi kama utaishi. Kisha unarudi, unapigwa picha, na kufikia Jumatatu majirani wanakushangaa mbona hucheki. Aliyewahi kuitwa kwa sauti ya uongo ana haki ya kuchelewa kufungua mlango, na kazi ya kuleta ushahidi ni yetu tulioko nje.

Ushahidi wenyewe huwa mdogo tu. Kwa msichana yule ulikuwa sura ya mwalimu. Kwa chuo, kilichofunguliwa tena Januari 2016, ulikuwa kituo cha polisi ndani ya ua, na baadaye wazazi wa mbali waliokubali kuwaleta watoto. Wengi wa walionusurika hawakurudi, walimalizia masomo Eldoret, na sioni kwa nini mtu awadai ujasiri zaidi ya ule walioonyesha tayari.

Kwa mwanajeshi, ushahidi ungekuwa ukweli. Januari 15, 2016, kambi ya jeshi la Kenya, KDF, ya El Adde, Gedo, nchini Somalia, ilivamiwa alfajiri. Wako waliojificha porini hadi walipookolewa, wako waliorudishwa Nairobi na majeraha, na wako waliorudi katika masanduku yaliyofunikwa bendera. Serikali haikutangaza idadi ya waliokufa. Anayejifunza kutembea kwa magongo anajua nani alilala kitanda cha pili, lakini idadi ya wenzake hakuna ofisa aliyemwambia. Tunamwita shujaa kila Oktoba kwenye sherehe, tunamsihi aiamini nchi yake, aondoe hofu, asonge mbele. Naye ana swali lilelile la kabatini, na hilo halijibiwi kwa medali. Tuanze na hesabu ya El Adde, jina kwa jina.