Jina la Bendi Ni la Nani?

Mwaka 1993 bendi ya vijana wa Göteborg, Dark Tranquillity, ilitoa albamu yake ya kwanza, Skydancer. Mwimbaji alikuwa Anders Fridén, na Mikael Stanne alikuwa mpiga gita. Mwaka uliofuata bendi nyingine ya mji huohuo, In Flames, nayo ikatoa albamu yake ya kwanza, Lunar Strain. Kwa kuwa haikuwa na mwimbaji wa kudumu, ilimwazima Stanne. Baada ya Fridén kuondoka Dark Tranquillity, Stanne aliweka gita chini akashika kipaza sauti, na mwaka 1995 Fridén akaingia In Flames. Yaani bendi mbili zilibadilishana waimbaji kama majirani wanavyoazimana kinu na mchi. Miaka thelathini imepita na wote wawili bado wanaimba, kila mmoja katika bendi ambayo mwenzake ndiye aliyeiimbia albamu ya kwanza.

Nilipofika Sweden kusomea shahada ya uzamili ya usafirishaji wa majini, sikujua lolote kati ya haya. Mimi ni mtu wa Tanga. Nilikuja kwa ajili ya makontena na ratiba za meli, na muziki wa metali nilikuwa nikiujua kwa sura tu: nywele ndefu, fulana nyeusi, mtu anayeunguruma kama aliyekabwa koo. Aliyenifungulia mlango ni jirani ninayetumia naye jiko moja bwenini. Akipika lazima muziki huo ulie. Siku moja nilimuuliza kwa nini ana fulana za bendi mbili na anazivaa kwa zamu kama mume wa mitala. Alicheka, akapunguza moto, akachukua bahasha na kuanza kunichorea mishale: nani alitoka wapi, akaenda wapi, akarudi lini. Bahasha ilijaa, akaomba nyingine.

Nilimwelewa upesi kuliko alivyotarajia, kwa sababu mchoro wa namna ile niliujua tangu utotoni. Mjomba wangu alikuwa mpiga solo katika bendi moja ya dansi huko kwetu, na nimekua nikiwasikia watu wazima wakibishana kuhusu siku aliyoondoka. Nitamfikia baadaye kidogo. Kwanza muziki wenyewe.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990, metali iliyovuma Stockholm ilikuwa na magita yanayokwaruza kama msumeno wa mashine. Vijana wa Göteborg, bandari ya magharibi, walibakiza mngurumo wa sauti na kasi ya ngoma, lakini juu yake wakaweka magita mawili yanayoimba pamoja, moja juu na jingine chini, jinsi Iron Maiden wa Uingereza walivyokuwa wakifanya. Humo wakatia mahadhi ya kienyeji ya Kiswidi, yale yenye simanzi hata yanapochezeka. Ukiweza kuusahau mngurumo, unabaki na kitu cha kupigia mluzi. Sikiliza The Jester Race, albamu ya In Flames ya mwaka 1996. Mtu aliyelelewa na dansi la kwetu, ambako solo na ridhim hujibizana mpaka wimbo uishe, hapotei humo.

Mtindo huo haukuwa mali ya bendi moja. Walioutengeneza walikuwa vijana wachache wa rika moja, wanaojuana, na wengi wao walirekodi katika Studio Fredman ya Fredrik Nordström. Jesper Strömblad aliianzisha In Flames mwaka 1990 akiwa bado mwanachama wa bendi nyingine, Ceremonial Oath. Katika Lunar Strain alipiga gita na ngoma pia. Mwaka 1993 alikuwa miongoni mwa walioanza HammerFall pamoja na Oscar Dronjak, na mwimbaji wao wa mwanzo alikuwa Stanne yuleyule. Bendi hiyo ilikuwa ya kujifurahisha tu mpaka mwaka 1996, walipofika nusu fainali ya shindano moja na Stanne hakuweza kuja kuimba. Wakamwita Joacim Cans, na hajaondoka mpaka leo. Mwaka huohuo At the Gates, bendi nyingine ya Göteborg, ilivunjika ikiwa imetoka kutoa Slaughter of the Soul, albamu inayoheshimiwa kuliko zake zote. Mapacha wake, Anders na Jonas Björler, wakaingia katika The Haunted, na At the Gates haikurudi jukwaani hadi 2008.

Nilimuuliza jirani yangu iliwezekanaje watu kuhama hivyo bila kuuana. Alinijibu mambo mawili ya kawaida sana. Hapa watoto hujifunza ala katika shule za muziki za manispaa, na vijana wakianzisha bendi wanaweza kujiandikisha kama kikundi cha kujisomea chini ya vyama vya elimu ya watu wazima, wakapata chumba cha mazoezi kwa bei nafuu. La pili, gita ni la mpigaji. Akitoka bendi hii kwenda ile, analiweka begani na kupanda tramu.

Lile la pili lilinichoma, maana ndipo kisa cha mjomba kilipo.

Kwetu, bendi nyingi za miaka ya 1970 na 1980 zilikuwa za mwenye mali: chama cha wafanyakazi, shirika la umma, jeshi, au mfanyabiashara. Magita, ngoma na spika vilikuwa vyake, na mwanamuziki alikuwa mwajiriwa. Wenye majina makubwa waliweza kuhama kwa sababu palikuwa na mwajiri mwingine anayewasubiri. Muhiddin Maalim Gurumo alitoka Nuta Jazz, mwaka 1978 alikuwa katika Mlimani Park, mwaka 1985 akaenda Safari Sound, na mwisho akarudi kwenye bendi yake ya zamani, ambayo siku hizi tunaiita Msondo Ngoma. Mashabiki wa Msondo na wa Sikinde wametambiana miaka yote hiyo kama Simba na Yanga, ilhali wanamuziki walikuwa wakipishana mlangoni.

Mjomba hakuwa Gurumo. Alikuwa mmoja wa vijana sita walioanza, akatunga nyimbo ambazo wazee wa mtaani kwetu wanazijua hadi leo, na mwaka 1984 akatoka baada ya kugombana na mwenye bendi juu ya malipo. Alitoka mikono mitupu. Gita lilibaki, jina lilibaki, na nyimbo zake ziliendelea kupigwa na kijana mwingine. Wenzake walisema amewasaliti. Mama yangu anasema wao ndio waliomtupa. Shangazi, mke wa mjomba, hasemi neno, anaondoa vyombo mezani. Mjomba akafungua kibanda cha kutengeneza redio. Mtu anachomea waya redio ya mteja, anaiwasha kuijaribu, na wimbo alioutunga mwenyewe unatoka. Ukiisha, mtangazaji anataja jina la bendi.

Basi niliifuata historia ya In Flames nikiwa na swali la nyumbani: mtu akiiacha bendi aliyoianzisha, nani kamwacha nani?

Mwaka 1997, walipomaliza kurekodi Whoracle, Glenn Ljungström na Johan Larsson, waliokuwepo tangu mwanzo, waliondoka. Wakaja Peter Iwers kwenye besi na Niclas Engelin kwenye gita. Engelin hakukaa. Björn Gelotte, aliyekuwa mpiga ngoma, akahamia kwenye gita, na ngoma akapewa Daniel Svensson. Safu hiyo ya Strömblad, Gelotte, Fridén, Iwers na Svensson ndiyo iliyotoa Colony mwaka 1999 na Clayman mwaka 2000, na ndiyo wengi wanaoiita In Flames ya kweli, ingawa kati ya watano hao mwanzilishi alikuwa mmoja tu.

Kisha wakabadilika. Mwaka 2002 walitoa Reroute to Remain, yenye viitikio vya sauti safi na vinanda vya kompyuta vingi kuliko awali. Mashabiki wa zamani wakatangaza msiba. Kaka yake jirani yangu hajanunua albamu yao tangu siku hiyo. Wanaolalamika hupenda kumhesabu Strömblad upande wao, kana kwamba mabadiliko yalifanywa nyuma ya mgongo wake. Lakini alikuwemo. Alikuwemo katika albamu hiyo na katika tatu zilizofuata. Mwanzilishi naye alitaka kwenda kwingine.

Alipoondoka, Februari 2010, sababu haikuwa muziki. Alisema hadharani kwamba anakwenda kupambana na uraibu wa pombe. Bendi ikaendelea. Engelin akarudi kuziba pengo. Mwaka 2015 Svensson aliacha ili awe na familia yake, mwaka 2016 Iwers akaondoka, na baadaye Engelin naye hakubaki. In Flames ya leo, iliyotoa Foregone mwaka 2023, ina watu wawili wa zamani, Fridén na Gelotte, na hakuna kati yao aliyekuwepo bendi ilipoanza. Jina ni lao kwa haki. Wamelibeba miaka ambayo wenye kulianzisha hawakuweza au hawakutaka kulibeba.

Halafu, Novemba 2021, ukatoka wimbo wa bendi mpya inayoitwa The Halo Effect. Magita: Strömblad na Engelin. Besi: Iwers. Ngoma: Svensson. Mwimbaji: Mikael Stanne, yule aliyeazimwa mwaka 1994. Wote watano wamewahi kupita In Flames. Albamu yao ya kwanza, Days of the Lost, ilitoka Agosti 2022, na ndani yake magita mawili yanaimba pamoja kama ujanani mwao. Stanne hakuacha Dark Tranquillity kwa ajili hiyo. Kule nako waanzilishi wenzake wameondoka mmoja mmoja, amebaki yeye.

Ningependa kusema kwamba hapo kila kitu kikawa sawa, lakini sivyo. Ziko ziara za The Halo Effect ambazo Strömblad hakuweza kusafiri, na nafasi yake jukwaani ikashikwa na Patrik Jensen wa The Haunted. Ila wenzake walipanda jukwaani na kupiga nyimbo zake, na kiti kikabaki chake. Hili ndilo lililonifikirisha kuliko albamu zote. Mjini hapa sikuona bendi isiyovunjika. Nilichoona ni kwamba aliyetoka alikuwa na mahali pa kwenda, na aliyeanguka alikuwa na watu wanaojua namba yake ya simu. Mabishano ya nyumbani kwetu, nani msaliti na nani katupwa, yamedumu miaka arobaini kwa sababu hakuna aliyeuliza kwa nini kutoka kwenye bendi kulimaanisha kutoka kwenye muziki.

Nilimtumia binamu yangu wimbo mmoja wa In Flames na mmoja wa The Halo Effect, amsikilizishe baba yake. Jioni yake nikapiga simu.

“Shikamoo, mjomba.”

“Marahaba, mjomba. Huyo anayeimba mpeni maji kwanza.”

Tulicheka. Kisha akaniambia kwamba wapiga magita wale wanasikilizana, kwamba wa chini hamkimbilii wa juu, na kwamba siku hizi hilo ni adimu. Nikamsimulia habari za Strömblad kwa kirefu, pombe na yote. Alisikiliza bila kunikatiza, jambo ambalo si tabia yake.

“Alipotoka, gita alibeba?”

“Alibeba. Lilikuwa lake.”

“Na zile nyimbo za mwanzo. Zimeandikwa jina lake, au la bendi?”

Nilikuwa na The Jester Race ya jirani yangu mezani. Nikafungua kijitabu cha ndani. Nikamwambia jina la bendi liko juu ya jalada, na jina la mtu limo ndani, kwenye nyimbo.

Alikaa kimya mpaka nikadhani simu imekatika. Halafu akaniuliza kama nina kalamu.

Akaanza kunitajia: jina la wimbo, mwaka, nani alipiga besi, nani aliitikia. Wengine kati ya hao wamekwisha kufa. Alimtaja hata yule kijana aliyepewa gita lake, na akasema alikuwa mpigaji mzuri, alistahili. Niliandika nyimbo kumi na moja. Wa kumi na mbili jina lake lilikuwa limempotea, kwa hiyo akanipigia mluzi, kutoka mwanzo mpaka mwisho, na nyuma yake nikamsikia shangazi akiimba kiitikio.